Wiki Kumi na Saba kwa Nafasi Moja

Nilituma ombi la kazi tarehe 12 Januari, na ilikuwa tarehe 8 Mei nilipojua hasa yaliyonipata. Kati ya tarehe hizo mbili nilipitishwa katika hatua saba, nikaandika programu nzima bila malipo, nikasafiri hadi Nairobi na kurudi kwa fedha zangu mwenyewe, na nikatafuta vyeti ambavyo sikupaswa kudaiwa wakati ule. Sikuandika lolote mapema kwa sababu kila wiki nilidhani jibu liko njiani. Sasa naandika kwa kuwa wapo vijana wengi wa fani yangu hapa Mombasa wanaopita njia hiyohiyo, wakikaa usiku wakijilaumu kwamba hawakusoma vya kutosha, ilhali kasoro haiko kwao.

Mimi ni mhandisi wa programu. Kwa miaka sita nimefanya kazi katika kampuni ndogo ya uwakala wa forodha, nikitunza mfumo unaofuatilia makontena tangu meli inapofunga gati katika bandari ya Kilindini hadi lori linapotoka langoni na mzigo, pamoja na malipo yote yanayofanyika katikati ya safari hiyo. Ni kazi ambayo makosa yake yana miguu: kontena likikaa bandarini siku moja zaidi kwa sababu mfumo haukusoma malipo, gharama ya kuhifadhi inapanda, na mwenye mzigo anapanda ngazi za ofisi yetu mwenyewe akiwa na karatasi mkononi kutaka kujua ni nani aliyekosea. Kwa hiyo nilipoona tangazo la kampuni moja ya teknolojia ya Nairobi, inayotoa mikopo midogo kwa njia ya simu, likitaka mtu mwenye uzoefu wa miaka mitano katika mifumo ya malipo, niliona kwamba nimetajwa kila kitu isipokuwa jina. Tangazo liliongeza kwamba kazi inaweza kufanywa kutoka popote nchini. Hilo ndilo lililonivuta zaidi, kwa kuwa wazazi wangu ni watu wazima sasa, tunaishi pamoja mtaa wa Tudor, hapa Mombasa, na sina nia ya kuwaacha.

Jina la kampuni hiyo sitalitaja. Sitafuti kumwaibisha mtu, na watu wawili watatu niliokutana nao humo walinitendea vizuri.

Hatua ya kwanza ilikuwa simu ya dakika ishirini kutoka kwa afisa wa uajiri, dada mmoja mwenye sauti ya upole, aliyeniambia kwamba hatua zote ni tatu na kwamba ndani ya wiki tatu tutakuwa tumemaliza. Akaniuliza ninalipwa kiasi gani sasa. Nikamjibu, kisha nami nikamwuliza wametenga kiasi gani kwa nafasi hii. Alisema hilo litazungumzwa mwishoni. Nikilitazama leo naona kwamba mizani ililala upande mmoja tangu dakika ile, kwa maana wao walikwisha kujua bei yangu na mimi sikuijua yao, lakini wakati huo nilikuwa na furaha na sikutaka kuonekana mtu wa kupenda fedha.

Ya pili ilikuwa mtihani wa mashine: maswali matatu kwa dakika tisini, kamera ikiwa wazi, na onyo kwamba mtahiniwa asigeuze macho pembeni. Umeme ulikatika dakika ya arobaini. Nilihamia kwenye bando la simu, na mfumo ukaandika kwamba kumeonekana mwenendo usio wa kawaida. Ilinibidi niandike barua pepe mbili kueleza kwamba mwenendo huo ulikuwa giza la mtaa mzima. Walikubali maelezo yangu, tukaendelea.

Hatua ya tatu ndiyo ninayotaka kukaa nayo zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu kabisa na kazi yenyewe. Nilitumiwa maelezo ya kurasa nne. Nijenge huduma inayopokea taarifa za malipo ya simu, iyalinganishe na mikopo husika, ipunguze deni, na imtumie mkopaji ujumbe wa risiti. Waliandika kwamba saa nne zinatosha.

Mtu aliyewahi kushika mfumo wa malipo kwa mikono yake anajua kwamba saa nne hazitoshi hata kuorodhesha mambo yanayoweza kuharibika. Taarifa ya malipo husafiri mtandaoni kama barua inayotakiwa kutiwa sahihi na mpokeaji. Seva inayoipeleka isipopata sahihi hiyo kwa wakati, huituma tena, na pengine mara ya tatu. Mfumo unaopokea usipotambua kwamba barua ya pili ni ileile ya kwanza, mkopaji aliyelipa shilingi 500 atahesabiwa kuwa amelipa 1,000, na jioni hesabu za kampuni hazitakutana na hesabu za benki. Wengi hudhani dawa ni kuangalia kwanza kama malipo hayo yalikwisha kuandikwa, kisha ndipo uyaandike. Haitoshi. Nakala mbili zinaweza kufika kwa wakati mmoja, kila moja ikaangalia, kila moja ikakuta nafasi tupu, na zote mbili zikaandikwa. Inatakiwa hifadhidata yenyewe, yaani ghala la kumbukumbu za mfumo, iamriwe kukataa namba ya muamala iliyokwisha kuingia, ili hata kama msimbo, yaani maagizo ya programu, umekosea, mlango uwe umefungwa kwa ndani. Hilo sikulisoma kitabuni. Nililijua usiku mmoja miaka minne iliyopita, nikiwa ofisini hadi alfajiri nikitenganisha malipo mia na kitu yaliyojirudia, moja baada ya jingine.

Basi kazi ile niliifanya kama ninavyojua kazi inafanywa. Nilishughulikia taarifa zinazojirudia, zinazochelewa, zinazofika kabla ya mkopo wenyewe kuandikwa, na za mtu aliyelipa zaidi ya deni lake. Niliandika majaribio 41 ya kuhakikisha kila jambo hilo, na kurasa mbili za kueleza kwa nini nilichagua njia hii na si ile. Nilihesabu saa zangu: zilikuwa 26, za usiku tatu wa wiki pamoja na Jumamosi na Jumapili nzima. Niliituma baada ya swala ya Isha, nikalala nikiwa na raha ya mtu aliyeonyesha alichonacho.

Hatua ya nne ilikuwa mahojiano ya video na wahandisi wawili. Mmoja wao yuko nje ya nchi, na saa iliwekwa kwa kumfuata yeye: saa kumi na mbili na robo jioni, tukiwa katika kumi la mwanzo la Ramadhani. Niliomba isogezwe mbele kwa dakika arobaini tu ili niwahi kufuturu. Nilijibiwa kwamba nafasi nyingine ni baada ya wiki mbili. Nikakubali saa ile. Niliweka tende tatu na bilauri ya maji kando ya kibodi, nikafunga dirisha, na mama akawazuia watoto wa ndugu yangu wasipite sebuleni.

Swali lilikuwa la kugeuza mti. Kwa asiye wa fani, mti huu ni namna ya kupanga data ambamo kila fundo huzaa matawi yasiyozidi mawili, na swali linataka tawi la kushoto liwe la kulia, na la kulia liwe la kushoto, hadi chini kabisa. Jibu lake halizidi mistari saba au minane, na nilikuwa nimelifanyia mazoezi mara nyingi. Adhana ya Magharibi ilianza nikiwa katika mstari wa tatu. Niliomba dakika moja. Waliniruhusu, lakini saa ya mtihani iliyokuwa pembeni mwa skrini haikusimamishwa, nikawa naitazama ikihesabu huku nikinywa maji. Nilitia tende moja mdomoni nikarudi kwenye swali, na kila nilipotulia kufikiri, sauti iliuliza, "Unawaza nini sasa?" Nilimaliza, kwa kuchelewa dakika tano. Katika miaka sita ya kazi yangu sijawahi hata mara moja kutakiwa kugeuza mti, na sidhani kwamba kampuni ile inageuza miti.

Mwishoni niliwauliza wameionaje kazi niliyoifanya nyumbani. Mmoja alisema hajapata nafasi ya kuisoma. Mwingine aliuliza, "Kazi gani?"

Nilizima kamera nikabaki nimekaa. Futari ilikuwa mezani na nyumba nzima ilikuwa ikinisubiri, na mimi nilikuwa nikijiuliza ni nini hasa kilichopimwa jioni ile. Swali hilo limeulizwa na watu wenye elimu kuliko mimi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, wakishirikiana na Microsoft, waliwapa wanafunzi 48 wa sayansi ya kompyuta swali la kuandika msimbo ubaoni. Baadhi walilifanya mbele ya mtazamaji huku wakieleza mawazo yao kwa sauti, na wengine walilifanya peke yao chumbani. Wale waliotazamwa, alama zao zilishuka kwa zaidi ya nusu. Wanawake waliotazamwa walishindwa wote, na wanawake waliokuwa peke yao walifaulu wote. Kundi la wanawake lilikuwa dogo mno kuweza kukata shauri juu yake, nami sitaki kulifanya liseme zaidi ya linavyosema, lakini niliposoma matokeo hayo niliikumbuka bilauri yangu ya maji, na nikaona kwamba kipimo kile hupima zaidi utulivu wa mtu anayetazamwa kuliko ujuzi wake.

Baba alinisikiliza usiku ule tukinywa uji. Yeye alikuwa dereva wa kreni bandarini hadi alipostaafu. Akasema, "Mwanangu, sisi walitupandisha juu asubuhi. Foremani akasimama chini, tukaambiwa tuinue kontena tupu, tulizungushe, tuliweke juu ya mstari wa chokaa. Ukifika saa sita mchana unajua una kazi ama huna." Kisha akaniuliza, bila kejeli, kama watu wangu walinipandisha kwenye kreni. Nilimjibu kwamba walinipandisha, nikainua, nikaweka juu ya mstari, lakini hapakuwa na mtu chini.

Foremani yule alikuwa akifanya jambo ambalo wataalamu walikuja kulithibitisha. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walichapisha muhtasari wa miaka 85 ya tafiti kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, na katika njia zilizobashiri vizuri zaidi nani atafanya kazi vyema, kumpa mwombaji kipande cha kazi yenyewe na kukikagua kulikuwa mbele kabisa. Kampuni hii ilikuwa na kipimo hicho mkononi. Ilikitunga vizuri, na nasema hivyo kwa dhati, kwa maana maelezo yale ya kurasa nne yaliandikwa na mtu anayejua malipo. Ilichukua saa 26 za mwombaji, kisha ikampima kwa mti.

Hatua ya tano, tarehe 5 Machi, ilinirudishia moyo. Meneja wa kitengo aliniuliza kuhusu bandari: tunafanyaje mfumo wa forodha usipopatikana kwa saa kadhaa, nani anaamua lori litoke au lisitoke, kosa kubwa nililowahi kufanya ni lipi na nililigunduaje. Nilimweleza ule usiku wa malipo yaliyojirudia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema nao walipata tatizo hilohilo mwaka uliopita. Tulizungumza karibu saa nzima. Aliniambia kwamba tumebaki wawili. Kama mchakato ungeishia hapo, hata kwa kunikataa, nisingekuwa na neno, kwa kuwa angenikataa mtu aliyenisikia.

Haukuishia hapo. Hatua tatu nilizoahidiwa zilikwisha kuwa tano, na sasa nikaambiwa kuna ya sita: jopo la watu wanne, ana kwa ana, Nairobi. Kampuni ya Google, ambayo wengi huiga mahojiano yake, ilipochunguza kumbukumbu zake yenyewe iliona kwamba wahojaji wanne kwa jumla wanatosha kuamua juu ya mwombaji, na kwamba kila anayeongezwa baada yao haongezi uhakika wowote wa maana. Mimi nilikwisha kuzungumza na wanne. Niliuliza kama mkutano huo unaweza kufanyika kwa video kama iliyotangulia, na kama haiwezekani, nauli italipwa na nani. Nilijibiwa kwamba viongozi wangependa kuniona uso kwa uso na kwamba kampuni haina utaratibu wa kurudisha nauli katika hatua hii.

Ilinichoma kwa namna ya pekee. Nyaya za kwanza za intaneti za chini ya bahari zilizoiunganisha Kenya na dunia zilitua hapa Mombasa mwaka 2009. Intaneti ambayo kampuni hiyo inaitumia Nairobi inategemea kwa sehemu kubwa mwanga unaopita katika nyaya za chini ya maji ya pwani yetu. Ila mtu wa Mombasa akitaka kuzungumza na viongozi wake kwa dakika arobaini, sharti apande treni.

Nilipanda. Nilichukua siku mbili za likizo, nikaenda stesheni ya treni ya Miritini, nikalipa shilingi 1,500 ya kwenda na nyingine kama hizo za kurudi, mbali na matatu za huku na kule. Nililala kwa shangazi yangu, mtaa wa South B huko Nairobi, ambaye alinipigia pasi nguo zangu alfajiri kabla sijaamka, nami nilipoziona zimetundikwa mlangoni nilitamani sana nisimwangushe. Ilikuwa tarehe 25 Machi, siku chache baada ya Idd. Katika jopo la wanne walifika watatu. Mmoja alikuwa na wasifu wangu mbele yake na nilimwona akiusoma kwa mara ya kwanza, kwa kuwa alifikia ukurasa wa pili nikiwa nimekwisha kujitambulisha, akasema, "Kumbe uko Mombasa? Utahamia lini?" Nilimkumbusha maneno ya tangazo. Alitazamana na mwenzake. Wakaniuliza najiona wapi baada ya miaka mitano, udhaifu wangu ni upi, na kama nina swali. Hakuna aliyegusa malipo, wala mikopo, wala msimbo. Dakika ya thelathini na nane nilikuwa nje, kwenye lifti, nikiwa nimeshika bahasha ya vyeti ambayo hakuna aliyeomba kuiona.

Vyeti waliviomba siku tano baadaye, kwa barua pepe, na hiyo ndiyo naihesabu kuwa hatua ya saba. Cheti cha maadili mema kutoka polisi, cha kuonyesha sidaiwi kodi, cha mkopo wa elimu ya juu, na cha taasisi ya kumbukumbu za mikopo. Cha polisi nilikilipia shilingi 1,050 na cha kumbukumbu za mikopo 2,200. Nilikwenda kuwekwa alama za vidole, nikatoka na wino ulioganda kwenye kucha siku nzima. Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022 kuhusu jambo hilihili, baada ya vijana kulalamika kwa miaka kwamba wanatumia maelfu ya shilingi kutafuta vyeti vya kuombea kazi ambazo hawazipati: mwajiri hapaswi kumdai mtu vyeti hivyo kama hajakusudia kuingia naye mkataba wa kazi. Sikuijua sheria hiyo wakati ule. Nilichojua ni kwamba hakuna anayekuomba vyeti kama hana nia ya kukuajiri, na kila mtu nyumbani aliona vivyo hivyo. Mama alikuwa amekwisha kumwambia jirani yetu Bi Mkubwa, na Bi Mkubwa hahitaji kuambiwa mara mbili.

Nilivituma tarehe 7 Aprili. Kisha kimya.

Niliandika tarehe 13, nikaandika tena tarehe 27. Nilipiga simu mara moja, ikaita hadi ikakatika. Tangazo lilikuwa bado liko wazi kwenye tovuti yao, jambo lililonipa matumaini siku moja na kunitia hofu siku iliyofuata. Nataka kusema wazi kwamba kimya hiki kilinichosha kuliko hatua zote saba zikiwekwa pamoja. Kukataliwa ni neno moja. Mtu hulipokea, akalia kama ni wa kulia, akaamka asubuhi akaendelea. Kimya humfanya mtu achungulie simu katikati ya mkutano na asikubali kazi nyingine ndogo isije hii ikajibu. Bi Mkubwa akiniona ngazini aliniuliza, "Wamesemaje, mwanangu?" na nikawa napita ngazi za nyuma. Barua pepe ya mistari miwili ingeyaondoa yote hayo. Kuiandika ni kazi ya dakika moja.

Rafiki yangu mmoja, mwanasheria, ndiye aliyenikumbusha kwamba maneno waliyoandika kunihusu ni data yangu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa kila mtu haki ya kuona taarifa zake zinazoshikiliwa na kampuni au ofisi yoyote, na kanuni zilizotolewa mwaka 2021 zinaitaka kampuni itekeleze ombi hilo ndani ya siku saba, bila malipo. Mwombaji kazi ni mtu kama mwingine yeyote mbele ya sheria hiyo. Niliandika barua tarehe 4 Mei. Kampuni iliyoshindwa kunijibu kwa mwezi mzima ilinijibu tarehe 8.

Lilikuwa faili la kurasa tisa. Fomu za tathmini za kila hatua, na mfululizo wa barua pepe zinazonitaja. Mhandisi mmoja aliandika kwamba nilikuwa mzito kwenye swali la mti lakini nafikiri kwa mpangilio. Meneja aliandika aya nzima, nzuri kuliko nilivyojiandikia mwenyewe kwenye barua ya kuombea kazi, na mwisho wake akaweka: "Anayajua malipo kuliko baadhi yetu." Hiyo niliisoma mara kadhaa, na sioni haya kusema kwamba ilinitoa machozi. Kwenye kisanduku cha kazi ya nyumbani, ile ya saa 26, kulikuwa na neno moja: "Haijakaguliwa."

Barua pepe ya tarehe 11 Machi ilikuwa ukurasa wa saba. Ilikuwa fupi. Nafasi imejazwa na mtu wa ndani. Mwombaji wa Mombasa aendelee na hatua zilizobaki ili abaki kuwa akiba, iwapo huyo wa ndani atabadili nia.

Nilirudi kwenye tarehe. Tarehe 11 Machi ilikuwa siku kumi na nne kabla ya treni. Shangazi alipiga pasi nguo za mahojiano ya nafasi isiyokuwepo. Vidole vyangu vilitiwa wino kwa ajili ya nafasi isiyokuwepo, na wale watatu waliokaa mbele yangu wakiniuliza najiona wapi baada ya miaka mitano, angalau mmoja wao alikuwa amenakiliwa barua ile, kwa kuwa jina lake limo kati ya waliotumiwa.

Sina ugomvi na kuwekwa akiba. Timu hata ya mtaani ina wachezaji wa akiba, lakini mchezaji huyo anajua kwamba yuko benchi, na anachagua mwenyewe kukaa au kwenda kucheza kwingine. Mimi wangeniambia tarehe 11 Machi kwamba mwenzangu amechukuliwa na kwamba wangependa kunikumbuka siku zijazo, ningewashukuru. Huenda hata ningekwenda Nairobi, kwa hiari yangu, nikijua ninachokwendea. Walichonichukulia ni uamuzi huo, na hakuna hata mmoja wao aliyeona kwamba kuna kitu kimechukuliwa, maana katika kurasa zote tisa hakuna mahali mtu alipouliza, "Je, yeye amearifiwa?"

Nilimweleza mama siku hiyohiyo, naye akaenda kumweleza Bi Mkubwa mwenyewe, nami sasa napita ngazi za mbele. Meneja yule nilimwandikia kumshukuru kwa aya yake. Kazi ya nyumbani nimeiweka wazi mtandaoni, pamoja na majaribio yake 41, baada ya kuondoa kila kinachoitambulisha kampuni, na mwanafunzi mmoja wa chuo hapa Tudor amekwisha kunionyesha mahali ambapo malipo yanayozidi deni yanahesabiwa vibaya mkopo ukiwa umefungwa. Yuko sahihi. Ningefurahi kuambiwa hivyo mwezi Februari.

Barua niliyotumia kuomba data zangu ina aya tatu. Ya kwanza inasema mimi ni nani na niliomba nafasi gani na lini. Ya pili inataja haki ya kupata data chini ya sheria ya mwaka 2019 na muda wa siku saba ulio katika kanuni za mwaka 2021. Ya tatu inaorodhesha ninachotaka: fomu za tathmini, alama za mtihani, maelezo ya wahojaji, na barua pepe zote zinazonitaja kwa jina. Anayeihitaji aniandikie, nitamtumia. Abadilishe jina, tarehe na nafasi, na aielekeze kwa afisa anayesimamia ulinzi wa data wa kampuni hiyo, ambaye anwani yake kwa kawaida iko chini kabisa ya ukurasa wa sera ya faragha, badala ya kumtumia afisa wa uajiri.